Syprose Muuza Samaki na Damu ya Watoto wa Sosiot

Syprose Aluoch alihamia Sosiot akiwa bado bibi harusi, na jambo la kwanza aliloligundua ni kwamba watu wa pale hawali samaki. Mumewe, Jairus Ouko, alikuwa amepata kazi ya kuchochea boila kwenye kiwanda cha chai. Yeye Syprose, aliyezaliwa mahali ambapo mtoto huota meno akitafuna mkia wa samaki ngege, alikuja na mtaji wake wote: karai moja kubwa, jiko la kuni, na sauti inayovuka bonde. Watu walipita sokoni, wakachungulia karai, wakaziba pua, wakaenda zao. Majirani zake Wakipsigis walikuwa watu wa maziwa na mboga za majani. Samaki kwao alikuwa kitu chenye macho, kinachokutazama wakati unakila.

Hakukata tamaa. Alichukua kipande kimoja, akakitoa miiba yote kwa vidole vyake mwenyewe, akakiweka kwenye sahani safi na kumpelekea mwanamke aliyekuwa akiuza maziwa kando yake. Mwanamke huyo, Sally Chepngetich, alikitazama kile kipande, akafumba macho, akakitia kinywani kama mtu anayemeza dawa. Kisha akafumbua jicho moja.

"Leta ingine," alisema.

Tangu siku hiyo wawili hao walikaa chini ya turubai moja, huyu na mitungi yake ya maziwa, yule na karai lake, na Sosiot nzima ikajifunza kula samaki. Mume wa Sally, Mzee Kipyegon, askari mstaafu na mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani chai, ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Alipokubali, alikuwa akila kichwa na macho yote mawili.

Syprose na Jairus walijaliwa watoto watatu. Kitinda mimba wao aliitwa Molly. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye maneno mengi, na hakuna aliyemshinda kwa kuruka kamba katika shule yao. Kiptum, mwana wa Sally, waliyekuwa naye darasa moja, aliwahi kumwambia mwalimu kwamba Molly si mtu, ni springi.

Alipofikisha miaka kumi na miwili, vidole vya Molly vikaanza mambo yao. Asubuhi za Sosiot zina baridi ya kuuma, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai, na Molly alikuwa akifika shuleni vidole vyake vimekuwa vyeupe kama chaki. Baadaye viligeuka rangi ya samawati, kisha vikawa vyekundu, vikimwasha kama vimemwagiwa pilipili. Syprose alimnunulia glavu za sufu. Vidole vikaendelea. Kisha vikavimba, ngozi ikakaza, na Molly akawa hawezi kukunja ngumi wala kushika kalamu sawasawa. Kamba akaiacha mwenyewe. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa akisema, "Nimechoka tu, Mama. Kwani ni lazima niruke kila siku?"

Kwenye zahanati waliambiwa ni baridi. Mwingine akasema ni baridi yabisi. Mwishowe, muuguzi mmoja aliyemtazama Molly kwa makini akawaandikia waende kumwona Daktari Nyakerario, bingwa wa viungo vya watoto, aliyekuwa akifanya kliniki katika hospitali moja mjini Kericho.

Daktari Nyakerario alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyevaa raba na kuzungumza na watoto kabla ya kuzungumza na wazazi wao. Alimdondoshea Molly tone la mafuta juu ya ukucha, akauangalia kwa lenzi ndogo, akamwita Molly naye aangalie.

"Unaona hiyo mishipa? Inafaa kuwa imepangwa kama meno ya kitana. Yako imepindapinda na mingine imevimba."

"Kama barabara ya kwetu," Molly akasema.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akavuta kiti karibu na Syprose, na uso wake ukatulia.

"Mama Molly, mwili una kitu kinachoushikilia pamoja. Ngozi, mishipa, viungo, vyote vimeshikwa nacho. Tunakiita tishu unganishi. Sasa mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwa Molly, askari hao wamekosea. Wanashambulia nyumba yao wenyewe."

Tangu waondoke nyumbani Syprose alikuwa na swali moja lililomkaa kooni kama mwiba.

"Daktari, niambie ukweli. Ni moshi wangu? Mimi nakaanga samaki tangu huyu mtoto akiwa mgongoni."

"Hapana, Mama. Ugonjwa huu haukuletwa na moshi wako. Ningependa umweke mbali na moshi kuanzia leo, kwa sababu ya mapafu yake. Lakini hukumpa ugonjwa. Sikia hilo vizuri."

Syprose alilisikia. Aligeuka akatazama dirishani kwa muda, akipangusa macho kwa ncha ya leso, na Molly akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyovimba, akamwambia, "Ona sasa, Mama, unalia na hata sindano hujadungwa."

Daktari aliogopa zaidi mapafu. Watoto wenye ugonjwa kama huo, alieleza, mapafu yao huweza kuanza kuumia kimyakimya. Mtoto hakohoi, hahemi, anacheka kama kawaida, na ndani kovu linajengeka pole pole. Aliweka kipimo chake kifuani mwa Molly, akasikia hewa ikiingia safi. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Kukawa na kipimo cha kupuliza mrija kwa nguvu mpaka pumzi iishe, lakini kila Molly akianza kupuliza, ile klipu waliyombana puani ilimfanya acheke, na mashine ikakataa.

"Basi tutauliza damu," Daktari akasema.

"Damu itajua mambo ya mapafu?" Syprose aliuliza.

"Kuna protini inayotengenezwa na utando wa ndani wa mapafu. Jina lake ni herufi na namba tu, KL-6. Mapafu yakiwa mazima, inabaki kule kule. Yakijeruhiwa, inavuja na kuingia kwenye damu. Zipo nyingine pia za namna hiyo. Tukizikuta nyingi, tunajua kuna kitu kinaendelea."

Syprose alifikiri kidogo. "Ni kama mtu akipita nje ya nyumba, hajafunguliwa mlango, lakini pua inamwambia ndani wanakaanga samaki."

"Hivyo hivyo. Lakini pua haikwambii ni samaki wangapi wala nani anakaanga. Kwa hiyo damu ikinusa kitu, bado tutafungua mlango tuangalie."

Damu ilichukuliwa, ikagandishwa kwa baridi, ikasafirishwa mpaka maabara ya Nairobi. Majibu yalipokuja, Daktari Nyakerario aliwaita Syprose na Jairus pamoja. Protini ile ilikuwa juu. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua, na hakulificha.

"Sijui iko juu kiasi gani," alisema. "Vipimo vya kulinganisha nilivyonavyo ni vya watoto wa Japani na Ulaya. Hawaishi kwenye kimo hiki. Hawajakulia jikoni penye moshi wa kuni. Pengine watoto wote wa huku, hata wazima, wako juu kidogo. Siwezi kuwadanganya. Tufungue mlango."

Kufungua mlango ilikuwa ni skani. Molly aliingizwa kwenye ile mashine ya mduara akiwa amekatazwa kucheka, na safari hii alijikaza. Picha zikaonyesha, chini kabisa ya mapafu yote mawili, ukungu mwembamba ambao eksirei haikuuona. Ugonjwa ulikuwa umefika, ila ulikuwa ungali mlangoni. Haujavua hata viatu.

"Tumeuwahi," Daktari akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Mngekuja baada ya yeye kuanza kuhema, ningekuwa naongea nanyi maneno mengine."

Molly akaanzishiwa dawa za kuwatuliza wale askari wa mwili, vidonge vikubwa alivyovimeza kwa uji huku akikunja uso, na dawa nyingine ya kufungua mishipa ya vidole. Jairus, mtu wa maneno machache, alilibomoa jiko la nyumbani na kulijenga upya likiwa na bomba refu la kutolea moshi. Nako sokoni Syprose alihamisha karai lake upande ambao upepo haukumpelekea Molly moshi.

Haikuwa rahisi. Kulikuwa na wiki za kutapika na wiki za kununa. Lakini miezi ilipopita, siku moja Molly alifungua chupa ya soda mwenyewe, bila kuomba msaada, na Syprose akapiga kigelegele kilichowafanya wateja watoke mbio kwenye maduka wakidhani kuna harusi.

Katika moja ya kliniki za wakati huo, Syprose alimuuliza Daktari swali.

"Hao watoto wa kulinganisha. Umewapata?"

Daktari Nyakerario alishusha pumzi. Alikuwa na wenzake katika utafiti, na kibali kilikuwa kimetoka. Walihitaji watoto wazima wa milimani, wa umri kama wa Molly, watoe damu kidogo tu, kijiko kimoja cha chai. Kwa damu hiyo wangejua kipimo cha mtoto mzima wa huku ni kipi. Mtoto mwingine mgonjwa akija, wangejua kama apelekwe skani haraka au aende nyumbani kwa amani.

"Tatizo ni wazazi," alisema. "Ukimwambia mtu mtoto wako ni mgonjwa, atakuletea. Ukimwambia mtoto wako ni mzima, naomba damu yake, anakufukuza. Tulijaribu sehemu mbili. Tulirudi na mirija mitupu."

"Hamkuja Sosiot," Syprose alisema.

Alianzia pale alipozoea kuanzia, chini ya turubai. Sally alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe cha kupimia maziwa chini.

"Mama Molly, mimi wewe najua. Lakini mzee atakataa. Watu wameanza kusema iko watu wananunua damu ya watoto. Ati inapelekwa ng'ambo."

"Nani anasema?"

"Si huyo mzee wangu mwenyewe!"

Ilikuwa kweli. Pale kwenye kituo cha majani chai, wakulima wakingoja lori, Mzee Kipyegon alikuwa amewatangazia wote kwamba katika miaka yake ya uaskari ameona mengi, na kwamba damu si maziwa, haiuzwi kwa lita. Syprose aliposikia hivyo hakumkasirikia. Alijifunga leso, akaenda kituoni jioni hiyo hiyo na Molly, wakati vikapu vimejaa na watu wamekaa kwenye nyasi.

"Mzee, chamgei," alimsalimu kwa Kikipsigis, na watu wakacheka kwa jinsi alivyolitamka kwa sauti ya sokoni.

"Chamgei mising, Mama Molly. Naona umekuja na kelele yako."

"Nimekuja na mtoto wangu. Molly, onyesha Mzee mikono."

Molly alinyoosha mikono. Akakunja ngumi, akakunjua, akakunja tena. Wengi pale walikuwa wamemwona mwaka uliopita akishindwa kushika kikombe cha chai kwenye sherehe ya kanisa. Minong'ono ikapita.

"Huyu alikuwa anaugua mapafu, na hakuna aliyejua," Syprose akasema. "Mimi mama yake sikujua. Picha haikujua. Damu ndiyo ilisema. Lakini daktari alisoma damu yake kwa kipimo cha watoto wa Japani. Mzee, wewe unapima majani hapa kila siku. Kama mizani imetoka kwa watu wengine, hujui imewekwa vipi, utaiamini?"

"Nitaikataa!" Kipyegon alisema kabla hajajizuia.

"Basi daktari anataka mizani ya hapa. Ya watoto wa hapa kwetu Belgut, waliokunywa maziwa haya ya Sally na kupumua moshi huu wa kwetu. Damu hainunuliwi. Hakuna anayelipwa, hata mimi. Na daktari atakuja hapa mwenyewe, mumuulize mtakavyo."

Kipyegon alikuna kidevu. Ndipo Kiptum, aliyekuwa amekuja kumsaidia mamaye kubeba kikapu, akasema kwa sauti ya kuanza kuvunjika, "Baba, mimi nataka kutoa. Molly ametoa mara nyingi na ni msichana."

"Kwani usichana una nini?" Molly akamkatiza, na watu wakaangua kicheko.

"Nitaenda na yeye," Kipyegon akasema hatimaye. "Nitasimama hapo. Nataka kuona kila tone ya hiyo tamu inaenda wapi."

"Damu, Mzee," Sally akamnong'oneza.

"Si ndiyo nimesema. Tamu."

Daktari Nyakerario akaja Jumamosi moja na wauguzi wake, wakapewa ukumbi wa kanisa. Alikaa mbele ya wazazi na kujibu kila swali. Damu itakwenda wapi? Maabara. Itafanywa nini? Itapimwa hizo protini za mapafu, na atakayetaka majibu ya mtoto wake atapewa. Mtoto akikataa dakika ya mwisho je? Ataondoka na soda yake kama wengine, na hakuna atakayemuuliza. Watoto nao waliulizwa mmoja mmoja kama wanataka, na jambo hilo liliwashangaza wazazi kuliko yote.

Molly alijipa kazi. Alikaa kando ya kiti cha sindano, na kila mtoto aliyekaa alimpa mafunzo kama mzee wa ukoo. "Usiangalie. Angalia mimi. Taja majina ya ng'ombe wa kwenu." Ukumbi ukajaa majina ya ng'ombe, na mtoto mmoja ambaye kwao hawakuwa na ng'ombe akataja majina ya walimu.

Kiptum akakaa. Babaye alisimama nyuma yake, mgongo umenyooka, kofia kwapani, macho kwenye mrija kama anayelinda benki. Sindano ikaingia. Damu ikapanda, nyekundu, ya kung'aa. Kipyegon aliiona, akafungua kinywa kusema kitu. Badala yake alikwenda chini taratibu, kama gunia la mahindi linaloteleza kwenye ukuta, akakaa sakafuni na kofia yake mapajani.

"Baba," Kiptum akasema bila kusogea, "amka. Wamemaliza."

Muuguzi mmoja akamwinulia mzee miguu, Sally akampepea kwa kitabu cha nyimbo huku akijitahidi asicheke na kushindwa. Kipyegon alipofumbua macho, uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa Molly.

"Pole, Mzee. Hata mimi mara ya kwanza nilisikia kizunguzungu," Molly akamwambia kwa upole. "Kunywa soda."

Mzee akainywa yote. Kisha akasimama, akavaa kofia, akatoka nje walikokuwa wazazi waliokuwa bado wakisitasita kwenye nyasi.

"Mnangoja nini?" akawangurumia. "Ingizeni watoto! Mimi nimeangalia kila kitu. Hakuna kitu imeibwa."

Wakaingia. Wakaja wa Sosiot, na kufikia alasiri wakaanza kuja wa kutoka Sigowet waliokuwa wamesikia habari, wengine bado na matope ya shambani miguuni. Mirija iliisha kabla ya watoto. Syprose, ambaye tangu asubuhi alikuwa nje ya ukumbi na karai lake, aligawa samaki mpaka mafuta yakapoa.

Majibu yalichukua muda, kama ilivyo kawaida ya mambo ya maabara. Yalipotoka, Daktari Nyakerario alirudi kuyaeleza pale pale kituoni, kwa sababu Mzee Kipyegon alisisitiza. Watoto wazima wa milimani walikuwa juu kidogo kweli kuliko wale wa vitabuni, lakini kidogo tu. Molly alikuwa amewapita wote kwa mbali siku ile ya kwanza. Hofu ya daktari haikuwa ya bure. Na sasa kulikuwa na mizani. Utafiti ungali mchanga, aliwaonya, na damu peke yake haitoshi kumwambia mtu anaumwa nini. Lakini tayari msichana mmoja kutoka Soin, mwenye ugonjwa wa misuli, alikuwa amepimwa, akakutwa katikati kabisa ya watoto wa Sosiot. Mlango wake ukafunguliwa mara moja tu, kwa skani ya kuhakikisha, mapafu yakakutwa safi, na mamaye akalala usingizi.

"Kongoi," Sally alishukuru kwa Kikipsigis, na watu wakapiga makofi, ingawa haikujulikana wanampigia nani.

Kuhusu Molly, namba yake ilikuwa ikishuka kliniki baada ya kliniki. Mwaka wa pili wa dawa ilikuwa imeingia ndani ya mpaka wa watoto wenzake, na skani mpya ikaonyesha kwamba ule ukungu haukusonga, na upande mmoja ulikuwa umepungua. Ugonjwa haukwisha. Asubuhi za baridi vidole vyake bado hugeuka vyeupe, na vidonge bado vipo kando ya kikombe chake cha uji. Daktari aliwaambia hivyo waziwazi, kisha akawaambia pia kwamba hakuna sababu ya mtoto huyo kutofanya chochote anachofanya mwenzake.

Siku hiyo walitoka hospitalini mvua ya alasiri ikianza kupiga Kericho, ile mvua yake isiyobisha hodi. Jairus alikuwa amebadilishana zamu ili awe nao. Wakajibanza kwenye kibanda cha chipsi, watatu kwenye benchi la watu wawili, sahani moja mapajani, mabati yakinguruma juu yao.

"Baba," Molly alisema, mdomo umejaa, "Daktari amesema naweza kufanya chochote."

"Nimesikia."

"Basi nimejiandikisha timu ya mbio za nyika."

Jairus akasahau kutafuna. Akamtazama mkewe. Syprose akawa tayari amefunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, na wala hakujulikana kama anacheka au analia mpaka alipoiondoa, akafungua ile sauti yake, na watu wote waliokuwa wamejikinga mvua pale wakageuka.

"Jairus! Mkimbiaji! Mjaluo katikati ya Wakipsigis na mbio zao! Huyu mtoto wako atatuaibisha mpaka Bomet!"

"Sitakuwa wa mwisho," Molly akasema.

"Ukiwa wa mwisho," babaye alimjibu, akimsogezea chipsi zilizobaki, "tutakungoja."

Mvua ikazidi, wakaagiza sahani ya pili.